Harusi ya Shuka za Hospitali

Shuka zilikuwa arobaini na moja, na zote zilikuwa zimekufa. Ndivyo wanavyosema watu wa kufulia nguo hospitalini: shuka ikitoboka, ikiungua kwenye mashine ya kukaushia au ikibaki na doa lisilotoka, huandikwa kitabuni kwamba imekufa, halafu hukatwa matambara ya kudekia. Hizi hazikukatwa. Msimamizi wa kufulia, mwanamke mkali ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheka kazini, alizikusanya kabatini mwake miezi mitano, akazitafutia barua yenye saini ya bohari, kisha akamwita mmoja wa mabinti wa kufulia walio chini yake na kumwambia azichukue kabla yeye hajabadili mawazo. Binti alipoanza kushukuru, msimamizi alimgeuzia mgongo akamwuliza kama nguo za wodi ya tatu zitajianika zenyewe.

Binti huyo alikuwa akiolewa baada ya siku tisa. Mchumba wake alikuwa fundi friji, kijana mwembamba, mpole, anayesikiliza injini ya friji kama daktari anavyosikiliza kifua cha mtoto. Kwa pamoja walikuwa na laki sita na nusu. Ukumbi wa bei ya chini kabisa ulitaka laki nane kabla hata kiti kimoja hakijapangwa. Mwenye karakana ambako fundi alifanya kazi akawaambia wachukue uwanja wake siku nzima, bure, mradi wafagie kabla na baada. Palikuwa na friji mbovu kumi na nne zimejazana uwanjani, hazina mnunuzi. Fundi akasema zikilazwa chali na kupangwa mstari, zikafunikwa kitambaa cheupe, nani atajua kwamba si meza? Binti alicheka mpaka akajishika mbavu. Kisha akasema kwamba kitambaa anacho.

Mama yake binti aliitwa Mama Pasi mtaa mzima. Alikuwa amepiga pasi katika hospitali hiyohiyo miaka ishirini na miwili, mpaka magoti yakakataa kusimama kutwa. Wiki hiyo aliyalazimisha. Shuka zilichemshwa mara tatu, zikatiwa buluu ya kufulia, zikatiwa wanga, naye akasimama mezani na pasi ya mkaa, kwa kuwa ya umeme ingemaliza umeme wa mwezi kwa siku mbili. Jirani yake wa chumba cha pili, muuza mkaa, alimletea makaa yanayowaka kila asubuhi katika kibati. Alisema ni masalia tu. Mama Pasi hakumwuliza ni muuza mkaa gani huyo anayebakiwa na makaa ya moto, alfajiri, kila siku.

Palipotoboka, binti alishona ua. Palipobaki doa, alishona ua. Shuka nyingine zilikuwa na maua mengi mno, na zikapendeza kuliko zile zilizokuwa nzima. Tatizo lilikuwa mihuri. Kila shuka ilikuwa na muhuri wa buluu pembeni, jina la hospitali na wodi, kwa wino uliotengenezwa usitoke. Binti alipanga kuikunjia mihuri hiyo ndani ya pindo na kuishona isionekane. Nusu ya majirani walikwisha kujua shuka zilikotoka, wala haikuwa siri kwao. Aliyefichwa alikuwa mmoja tu, naye ni kaka yake.

Kaka aliitwa Bosi. Alikuwa na malori mawili ya mchanga na kokoto. Baba yao alipofariki, Bosi alikuwa na miaka kumi na sita. Aliacha shule wiki ileile akaenda kubeba mifuko ya saruji. Jioni alirudi na nyusi nyeupe kama mzee, anaweka pesa mezani, anaenda kunawa bila kusema neno. Kwa pesa hizo dada yake alimaliza shule. Mpaka siku hizi kodi ya chumba cha mama alilipa yeye. Haya yote ni kweli, na ni lazima yasemwe kwanza, kwa sababu bila hayo hakuna atakayeelewa kwa nini mama yake alinyamaza muda mrefu vile.

Maana na haya mengine pia ni kweli. Alipokuwa na miaka kumi na tisa alimng'oa dada yake jino la mbele kwa kofi, kwa sababu alichelewa kurudi kutoka dukani. Mkewe aliondoka baada ya mwaka mmoja, mkono umefungwa kitambaa shingoni. Kila mara Mama Pasi alichemsha maji ya chumvi, akakanda palipovimba, akasema, "Amechoka tu." Akamfundisha binti asimjibu kaka yake akitoka kazini. Akamfundisha kusikia mlio wa lori kutoka mbali na kuweka mambo sawa kabla halijafika.

Miezi mitatu nyuma Bosi aliahidi kugharamia harusi yote. Kisha lori moja likapinduka, na ahadi ikanyamaza. Binti alipomkumbusha, kikombe cha chai kilipasukia ukutani karibu na sikio lake. Basi binti na fundi wakapanga yao. Mama Pasi ndiye aliyepewa kazi ya kumweleza. Lakini kila Bosi alipopita akauliza harusi imefikia wapi, mama alimjibu kwamba mambo yanakwenda vizuri, asiwe na wasiwasi. Alijiambia atasema kesho. Kesho zilikuwa nyingi.

*

Alikuja Alhamisi saa tisa mchana, siku ambayo hakutarajiwa. Mama Pasi alikuwa peke yake, akipiga pasi shuka ya mwisho. Nyingine zilikuwa kitandani, zimekunjwa, zimepangwa vizuri mpaka usawa wa kifua. Bosi alikuwa na furaha. Alikuwa amepata kazi ya kupeleka mchanga kwa mkandarasi mkubwa, jengo la ghorofa sita, na mkandarasi mwenyewe amesema atakuja kwenye harusi. Alitaka kujua ni ukumbi gani waliochukua, ili ampelekee mgeni wake habari. Alisema haya huku akizungukazunguka chumbani, hana pa kukaa kwa ajili ya shuka.

Kisha akasimama mbele ya kitanda.

Mama Pasi aliangalia alichokiangalia mwanawe. Miaka ishirini na miwili alikuwa amekunja shuka muhuri ukiwa nje, pembe ya mbele, upande wa kulia, ili wahesabuji wa wodi wasipate shida. Hakuna mtu aliyekunja vizuri kama yeye. Na mikono yake, bila kumwuliza, ilikuwa imekunja hivyo shuka zote, mihuri arobaini imepangwa mmoja juu ya mwingine kama mistari ya kitabu.

"Wodi ya Wanaume, Upasuaji," Bosi alisoma polepole. Akasoma na wa chini yake.

"Zimechemshwa, mwanangu. Mara tatu."

"Watu wamefia humu."

"Na wengine wamepona," alisema Mama Pasi. Hakujua neno hilo lilitoka wapi.

Bosi akageuka kumtazama kama kwamba amesikia mtu mwingine. Wakati huohuo mlango ukafunguka, binti na fundi wakaingia wakitoka karakana, wananong'ona na kucheka kuhusu friji moja iliyokataa kulala chali. Kicheko kikafia mlangoni.

Bosi aliuliza kwa sauti ndogo ukumbi uko wapi. Binti akamweleza: hakuna ukumbi, ni uwanja wa karakana, watu sitini, chakula watapika wenyewe. Alieleza vizuri, kwa heshima, mikono ikiwa nyuma. Akamwambia kwamba hawakutaka kumwongezea mzigo wakati lori limeharibika.

Bosi akavuta shuka ya juu, kisha rundo zima likaporomoka sakafuni. Akazipanda na viatu vyake vya tope. Aliinama akashika moja, akaipasua katikati, na sauti ya kitambaa kile chenye wanga ilikuwa kama ya ubao unaovunjika. Akachukua nyingine. Alisema mkandarasi akalie shuka za maiti, ale juu ya friji bovu, kisha aseme huyu ndiye mtu wa kumpa kazi.

"Kaka, usizikanyage," binti akasema. "Nimeshona kwa mikono yangu."

Alimshika nywele. Hakumpiga kofi safari hii. Alimvuta akampigiza uso kwenye ukingo wa meza ya kupigia pasi, mara moja, kisha mara ya pili. Damu ilitoka puani ikamwagika kwenye ile shuka aliyokuwa akiipiga pasi mama. Fundi, ambaye katika maisha yake hakuwahi kupigana na mtu, alimdaka Bosi mkono kwa mikono yake yote miwili akasema, "Shemeji, basi. Basi, shemeji."

Lilikuwa kosa kumwita shemeji. Bosi alimwachia dada yake akamgeukia yeye. Alimpiga ngumi ya mbavu, ya taya, akaokota kigoda cha mti akakishusha. Fundi akajikinga na mkono wa kulia, vidole vikasikika vikivunjika. Alipoanguka, Bosi alimkalia kifuani akamshika koo. Binti alimrukia kaka yake mgongoni akamng'ang'ania, akatupwa pembeni kama nguo. Uso wa fundi ukaanza kubadilika rangi. Miguu yake ilikuwa ikisugua sakafu, ikizikunjakunja shuka.

"Mwache," Mama Pasi alisema.

Alisema tena. Alikuwa bado ameshika pasi. Mvuke wa maji aliyonyunyizia shuka ulikuwa ukipanda mbele ya macho yake, na katika mvuke ule alimwona mtoto wake kwa mgongo, shingo nene, mabega yaliyotengenezwa na mifuko ya saruji. Hakuwa na hasira. Alizunguka meza, magoti yakilia, akainama, akaiweka pasi juu ya mkono wa kushoto wa mwanawe, taratibu, kama anavyoiweka juu ya kola.

Bosi alipiga ukelele uliotoa watu vyumbani mtaa mzima. Aliangukia ukutani, ameshika mkono, na harufu ikajaa chumbani. Alimtazama mama yake. Hapakuwa na hasira katika macho yale, bado. Yalikuwa ya mtoto aliyeanguka, anayengoja mama aje amwinue.

Mama Pasi hakwenda. Alikuwa akimgeuza fundi ubavu ili apate pumzi.

*

Muuza mkaa ndiye aliyeingia kwanza, na maji, Bosi akimpita mlangoni akitoka mbio. Hakuuliza kitu. Aliweka pasi mahali pa salama, akamwosha binti uso kwa ncha ya kanga yake mwenyewe, akatoka kutafuta gari la kukodi, na alipopata akalipa akasema watamrudishia wakikumbuka. Hakumkumbusha mtu kamwe.

Hospitali ikasema haiwezi kufunga mkono wa mtu aliyepigwa bila karatasi ya polisi. Kituoni wakakuta Bosi amekwisha kufika. Mkono wake ulikuwa umefungwa, anakunywa soda upande wa ndani wa kaunta, ambako wananchi hawaruhusiwi kusimama. Askari wa zamu alimtazama Mama Pasi juu mpaka chini, akawaambia wenzake huyu ndiye bibi aliyempiga mwanawe pasi, angalieni, kuna mikunjo imebaki. Walicheka. Hata mlevi mmoja aliyekaa sakafuni alicheka ili awe pamoja nao.

Askari akaeleza kwamba mambo ya familia ni vizuri yakamalizwa nyumbani. Akaeleza pia kwamba karatasi zimekwisha, waende duka la mbele wakatoe nakala, wakaleta nakala akasema walete mbili. Fundi alikaa kwenye benchi, vidole vimekuwa vinene kama ndizi, na bado alimpisha mzee mmoja nafasi ya kukaa.

"Sikiliza, mama," askari akasema mwishoni. "Nikiandika kesi ya huyu kijana, lazima niandike na ya mwanao. Yeye kaumia kuliko wote. Wewe ndiye utakayelala ndani. Unataka hivyo, wiki ya harusi?"

Binti alimshika mama yake mkono akamwambia kwa sauti ya pua iliyoziba kwamba waondoke, mama, yaishe. Bosi aliweka soda chini. Alijua yataisha. Yalikuwa yameisha hivyo siku zote.

"Andika zote mbili," Mama Pasi akasema.

"Unasemaje?"

"Yake na yangu. Nilimchoma mtu kwa pasi. Andika. Na yeye andika aliyofanya, kuanzia la jino."

Kalamu ya askari haikusogea. Kwenye meza ya pembeni palikuwa na askari mwanamke, mtu mzima, aliyekuwa akila karanga bila kumtazama mtu. Alipangusa mikono, akavuta daftari kutoka mbele ya mwenzake, akasema, "Anza na la jino, mama. Mwaka gani?"

Waliandika mpaka jua likaanza kuzama. Mama Pasi aliambiwa aende nyumbani, ataitwa. Bosi alikuwa ameondoka katikati, alipoona kurasa zinageuzwa.

*

Vidole vitatu vilikuwa vimevunjika. Plasta na dawa zilikula laki moja na nusu ya harusi. Shuka tisa zilipasuka zisifae kitu. Jumamosi asubuhi mwenye nyumba alipita, mtu mwenye haya, akasimama mlangoni akitazama viatu vyake, akasema Bosi amempigia simu kwamba hatalipa tena kodi, na amemtaka awatoe. Yeye hatawatoa, alisema, lakini mwezi ukiisha atahitaji chochote. Kisha akauliza kama binti anaweza kutafuna, kwa kuwa mkewe amewapikia uji.

Jumapili walikuja mabinti wanne wa kufulia, wametumwa na msimamizi. Walizichukua shuka zenye tope na damu wakazirudisha jioni, nyeupe. Mmoja alisema msimamizi amewaagiza wasichukue hata soda katika nyumba hii.

Ilikuwa jioni hiyo ambapo binti alisema tuahirishe. Uso wake ulikuwa umevimba, jicho moja limefumba. Alikuwa amekaa sakafuni anafumua maua kwenye shuka zilizopasuka ili ayashone kwenye nyingine. Alisema kaka atakuja siku hiyo, mama anajua atakuja, atavunja kila kitu mbele ya watu na safari hii ataua mtu. Bora waende wawili tu wakaandikishane, bila sherehe, basi.

"Wewe unataka nini?" mama akauliza.

Binti alikata uzi. "Nataka watu sitini wanione nimependeza. Mara moja tu. Ni upuuzi?"

"Si upuuzi."

"Basi na wewe uniambie." Aliweka sindano chini. "Kwa nini siku ile tu, mama? Jino langu lilipong'oka ulisema amechoka. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilikuwa nimeshika jino mkononi, unaniambia amechoka."

Mama Pasi alikuwa na majibu mengi. Alikuwa ameyatunga miaka mingi: nyusi zile nyeupe, pesa mezani, kijana asiye na baba. Aliyatafuta sasa, na kila aliloshika lilikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa jibu.

"Nilimhurumia yeye," alisema. "Nikakusahau wewe."

Binti alilia kwa jicho moja, lile lililokuwa wazi. Mama hakumkumbatia mara moja. Aliona hana haki hiyo bado. Alishuka sakafuni, shughuli ndefu kwa magoti yake, akachukua sindano akaendelea pale binti alipoachia. Baada ya muda binti alilaza kichwa begani kwake, na wakashona hivyo.

"Langoni nitakaa mimi," Mama Pasi akasema.

*

Siku ya harusi, friji kumi na nne zililala chali kwa mistari miwili, zimevikwa nyeupe mpaka chini, zimesimamishiwa maua ya bustani ya hospitali katika makopo ya rangi yaliyosuguliwa. Shuka nyingine zilitundikwa juu kati ya nguzo na nguzo, zikapanda na kushuka kwa upepo. Mashine zilizokufa za karakana zilikuwa nyuma ya shuka hizo, hazionekani. Watu waliokuja wakisikitika waliingia wakanyamaza. Mwenye karakana alitazama uwanja wake mara mbili, akavua kofia. Binti alivaa gauni la kuazima, la msimamizi mwenyewe, la miaka thelathini iliyopita. Jicho lilikuwa limefunguka. Alama ya buluu ilibaki chini yake, naye alikataa kupakwa poda juu yake.

Lango la karakana lilikuwa la mabati, halina komeo. Mama Pasi aliweka kiti chake kwenye uwazi, bega likigusa bati, mgongo kwa sherehe, uso barabarani. Walimsihi aingie, vijana watalinda. Alisema Bosi atawapiga vijana.

Mfungisha ndoa alikuwa ameanza kusema Mama Pasi alipolisikia lori. Alilitambua tangu kona, kama alivyolitambua siku zote. Lilikuwa limejaa mchanga. Lilikuja polepole, likasimama mbele yake, likapiga honi ndefu. Nyuma yake maneno ya mfungisha ndoa yalikatika. Lori likasogea tena. Bampa iligusa magoti yake, moto wa injini ukampiga usoni, kiti kikarudi nyuma shubiri moja na miguu yake ikachora mistari vumbini.

"Mama, toka."

"Sitoki."

Bosi alishuka. Alikuwa amevaa suti mpya, mkono wa kushoto umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Mkandarasi hakuwa naye. Alikuja akasimama juu ya mama yake, akainua ngumi ya kulia. Ng'ambo ya barabara washona viatu walisimama. Ngumi ilipita kando ya kichwa cha Mama Pasi ikapiga bati la lango, bati likalia. Akapiga tena, na tena, hapohapo karibu na sikio lake, mpaka bati likabonyea na damu ikatoka vifundoni. Mama Pasi hakufumba macho.

"Nimewalisha," Bosi akasema.

"Umetulisha. Sijasahau hata siku moja."

"Nimemsomesha huyo."

"Umemsomesha. Na jino ulimng'oa wewe. Yote mawili nayajua."

"Mimi ndiye baba yake. Nani wa kumtoa kama si mimi?"

"Baba yake alikufa," mama akasema. "Wewe ulikuwa mtoto. Nilikuacha uwe baba kwa sababu nilikuwa nimechoka, mwanangu. Mimi ndiye niliyekuwa nimechoka. Kosa hilo ni langu, nitakuja kwako kesho nikae, unitukane utakavyo. Lakini humu leo huingii."

Bosi alirudi kwenye lori akapanda. Watu walidhani anaondoka. Alilizungusha barabarani, akalirudisha kinyumenyume mpaka langoni, na mlango wa nyuma ukafunguka. Bodi ikaanza kuinuka.

Watu walipiga kelele wakimwambia mama akimbie. Hakuwa mtu wa kukimbia tena, na hata kama magoti yangekubali, asingekimbia. Mchanga ulishuka kwa sauti kama mvua kubwa inayokuja kutoka mbali. Ulimfunika viatu, ukapanda, ukamkaa mapajani, mzito, wa baridi, ukamsukuma tumboni mpaka akashindwa kuvuta pumzi. Ulisimama kiunoni. Vumbi lilipotulia, lango zima lilikuwa limezibwa na kilima cha mchanga, na katikati ya kilima kile alikuwamo mama mmoja, kiunoni kwenda juu, kilemba kimekwenda upande.

Lori lilikwishaondoka, bodi bado iko juu.

Wakaja na majembe, na sahani, na mikono. Fundi alichimba kwa mkono wa kushoto. Binti alipiga magoti na gauni la watu akachimba kama mtoto anayetafuta kitu alichokifukia, huku akisema mama, mama, umeumia wapi. Hakuwa ameumia. Alisema hasikii miguu, lakini hiyo si habari mpya. Muuza mkaa, jasho likimtoka, alisema lori zima la mchanga, bure, siku ya harusi, ni ndugu gani wengine wanaotoa hivyo. Mtu mmoja alicheka, akaona haya, kisha wote wakacheka, na wengine walikuwa wakilia.

Walipomfikia magotini, Mama Pasi aliwaambia waache. Aliuliza kama maneno ya ndoa yamekwisha. Binti akasema bado, yalikuwa yamefika katikati.

"Basi yamaliziwe. Mimi nitatolewa baadaye, sina safari."

Mfungisha ndoa alitazama uwanja mweupe nyuma yake, akatazama mchanga. Akakunja suruali, akapanda. Wageni sitini wakahama kutoka penye maua wakaja kusimama pale langoni, barabara ikiwatazama. Bi harusi alivua viatu. Mchanga ulikuwa umeshika gauni mpaka mapajani, na alama yake ya buluu ilionekana waziwazi juani, na alikuwa amependeza. Alipoulizwa kama anakubali, alijibu kwa sauti ambayo washona viatu wa ng'ambo waliisikia.

Watu walipiga vigelegele. Mama Pasi, magoti yakiwa bado mchangani, alipiga makofi pamoja nao. Kisha wote walipowageukia maharusi, yeye aligeuza shingo akatazama barabara mpaka kwenye kona. Alitazama kwa muda mrefu, kwa jinsi mtu anavyomtazama mtoto wake akienda shule siku ya kwanza, mpaka binti yake akamshika kidevu, taratibu, akamgeuza uso upande wake.